Kofia ya Upepo au Kofia ya Kichwa?

Ndugu msomaji, usinicheke nikikwambia kwamba nyumbani kwangu Kaloleni, hapa Kisumu, tumekosana mwezi mzima kwa sababu ya kofia. Si ile kofia ya kitambaa tuliyoizoea sisi watu wa pwani, ya kushonwa kwa mkono na kuvaliwa na kanzu siku ya Ijumaa. Ni kofia ngumu ya kupandia baiskeli, tena ile iliyozibwa pande zote na kulainishwa kama yai, ambayo husemwa kwamba inapasua upepo.

Aitakaye ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa Mombasa, ambaye anasoma huku. Kila Jumapili, akisha kusali alfajiri, hutoka na wenziwe kwa baiskeli za mashindano mpaka Ahero, au wakapanda kilima cha Riat. Bei ya kofia hiyo ingetosha kununua mbuzi wawili. "Mjomba," aliniambia, "mabingwa wote wa Ulaya wanazivaa hizi."

Waama, hakusema uongo. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya mashindano ya Tour de France, Mmarekani Greg LeMond alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na njia iliyobaki, kutoka Versailles hadi Paris, ilikuwa kilomita 24 na nusu tu. LeMond alivaa kofia yenye mkia kama tone la maji na kuegemeza mikono juu ya usukani wa namna mpya uliomkunja mwili. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa nyuma. LeMond akatwaa ushindi wa mashindano yote kwa sekunde 8! Tangu siku hiyo, nani atamwambia kijana kwamba upepo si kitu?

Lakini jambo ambalo vijana hawasimuliani ni hili: nyingi katika kofia za upepo za siku zile zilikuwa ganda tupu, hazikuundwa kuzuia pigo. Kuvaa kofia ya kukinga kichwa kulifanywa lazima kwa wenye kushindana kwa malipo mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka katika mbio za Paris–Nice na kufariki. Za leo, ni kweli, hufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo ugomvi wetu haukuwa juu ya kuvaa au kutovaa, bali juu ya kinachotangulia.

Upepo nao una hesabu yake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya upepo unaokuzuia huwa mara nne. Mtu akienda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa kabisa ya jasho lake huliwa na upepo. Lakini akienda kilomita 15, faida ya kofia laini haionekani hata kwa darubini. Namkubalia mpwa wangu kwamba atokaye Ahero alasiri hukutana na pepo za ziwa uso kwa uso. Hata hivyo kasi ya mabingwa haipati ila akiteremka Riat, na hapo mimi sitaki aongezewe mwendo!

Tena kuna joto. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kofia iliyozibwa matundu humpika mtu bongo. Kijana akiona joto huilegeza mikanda, kisha huivua na kuitundika kwenye usukani. Hapo imekuwa pambo.

Nina jirani yangu aliyebeba abiria kwa baiskeli miaka mingi, tangu zama ambazo biashara hii ya boda boda, iliyoanzia mpakani Busia, ilikuwa ya kukanyaga pedali na wala si pikipiki. Usiku mmoja gurudumu liliingia mtaroni, naye akaangukia kisogo kwenye zege. Alipona. Lakini leo mwanawe wa pili akimwamkia, humwuliza, "Wewe ni wa nani?" Mwendo wake usiku ule haukuwa wa kupasua upepo wowote.

Baada ya kukataliwa fedha, mpwa wangu aliniletea kofia ya upepo ya mitumba, rahisi, inang'aa. Nilibandua sponji ya ndani na kukuta ufa umekwenda kutoka kwenye paji hadi utosini. Ile nyenzo nyeupe iliyomo ndani, mfano wa ile inayofungiwa televisheni mpya, hufanya kazi kwa kupondeka, na hupondeka mara moja tu. Aliyeivaa kwanza alikwisha kuitumia, Mungu amjaalie awe mzima. Kijana alinyamaza.

Wako watakaosema ajali ni kadari. Kisa cha bedui na ngamia wake tumekisoma sote chuoni, sina haja ya kukirudia.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, tulikwenda dukani wawili. Tulitafuta kibandiko cha ndani chenye alama ya EN 1078, ambacho ni kipimo cha Ulaya. Nilimwambia avue kofia yake ya darizi, kwani ile huinua kofia ngumu ikakaa juu juu. Aitie mfukoni, aivae akifika msikitini. (Na binti zetu wenye mitandio wavae kitambaa chepesi ndani, bila pini.) Aliijaribu kofia moja, mbili, tatu, akitikisa kichwa na mikanda iko wazi, mpaka tukapata isiyoyumba, inayokaa vidole viwili juu ya nyusi, na mikanda yake ikikutana chini ya masikio. Ina matundu tele. Mkia hauna.

Alinuna mpaka nyumbani. Lakini fedha zilizobaki zilitosha breki mpya na tairi ya nyuma, na Jumapili aliporudi Ahero nilimwona toka mbali akiingia mtaani, kofia kichwani, mikanda imefungwa, akimpungia mkono yule jirani aliyekaa kibarazani.