Pigo Moja Halimalizi Vita

Hapa Lubumbashi wapo wasemao hivi: "Wajapani hawakukosa akili wala moyo, walishindwa na jiwe letu la Shinkolobwe tu." Neno hilo lawapendeza vijana, lakini sisi hatulikubali.

Ni kweli, sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Katanga yetu. Watu wasio na hatia waliangamia kwa maelfu, wala hatujivunii jambo hilo. Lakini hesabu ya wakubwa wa Tokyo ilikuwa imeharibika tangu mwaka 1941.

Mwaka ule Marekani iliwanyima petroli, nao walikuwa wakinunua sehemu kubwa ya petroli yao huko huko. Basi wakakata shauri kuipiga Marekani kwa ghafula na kuteka visima vya Indonesia. Walikumbuka mwaka 1905, walipozizamisha manowari za Warusi huko Tsushima, na Warusi wakakubali mapatano. Wakadhani Wamarekani nao watachoka upesi. Yamamoto, jemadari wa manowari zao, alikuwa amewaonya kwamba vita vikiwa virefu yeye hawezi kuahidi ushindi. Hata hivyo ndiye aliyepanga shambulio.

Tarehe 7 Desemba 1941 wakapiga Pearl Harbor. Manowari zilizama, lakini matangi ya petroli yalibaki mazima, na meli za kubeba ndege hazikuwamo bandarini. Wamarekani hawakuogopa, waliwaka hasira. Miezi sita baadaye, huko Midway, Wajapani walipoteza meli nne za kubeba ndege. Kisha nyambizi zikazamisha meli zao za mafuta: visima wanavyo, petroli haifiki. Hayo yote yalitangulia bomu.

Je, kosa hilo ni la Wajapani peke yao? Agosti 1998 askari wa Rwanda walisafirishwa kwa ndege mpaka Kitona, karibu na bahari, ili Kinshasa ianguke upesi. Waangola na Wazimbabwe wakaingia kuitetea. Kinshasa haikuanguka, na vita vikala watu wetu mpaka 2003.

Basi, mtu akija kutuambia kwamba vita vyake vitakwisha kwa pigo moja, tusimwulize habari za ushujaa wake. Tumwulize: visipokwisha leo, kesho watu watakula nini, na ni watoto wa nani watakaozikwa?