Kalamu Zetu na Umaskini wa Jirani

Yasemwa kila siku kwamba elimu huondoa umaskini. Ni kweli, lakini yatupasa tuulize: huuondoa kwa njia gani?

Twaona kwamba njia ya kwanza iko mizanini. Mkulima asiyejua tarakimu hupeleka pamba yake, huambiwa uzito, hupokea fedha na karatasi, kisha hurudi nyumbani asijue kama amepunjwa. Ajuaye huitazama mizani, huzidisha kilo kwa bei, na akiona kasoro huuliza papo hapo. Mvua ni ile ile na jembe ni lile lile. Ila huyu hulinda jasho lake. Kadhalika atiaye dole gumba katika hati ya mkopo pasipo kuisoma, huenda ameweka rehani shamba lake bila kujua.

Tanzania ilikwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika mikoa ya Ziwa wanafunzi walijifunza herufi pamoja na kilimo cha pamba. Kufikia mwaka 1986 hesabu ya Serikali ilionyesha kwamba wasiojua wamebaki kama mmoja katika kumi. Lakini madarasa yalipofifia na magazeti ya vijijini yalipoadimika, wako waliosahau; maana jembe lisilolimiwa hushika kutu.

Sasa twaja kwetu wenyewe. Tukiri kwamba jirani akituletea barua tumsomee, wamo miongoni mwetu wasioifungua mpaka wapewe chai. Mtu wa namna hiyo ameufanya ujinga wa mwenziwe kuwa shamba lake. Je, atafurahi siku jirani atakapojisomea? Hasha!

Watatujibu wengine kwamba mshahara ni mdogo na jioni tumechoka. Hatukatai. Lakini hatuombi shule. Twaomba kila mwanachama achukue jirani mmoja, saa moja, jioni mbili kwa juma. Aanze na risiti iliyo mfukoni mwa huyo jirani. Akiisha kuifahamu risiti yake, herufi zilizosalia atazitafuta mwenyewe.

Sisi nasi tulifundishwa na wengine. Deni hilo halilipwi kwa fedha, bali kwa kumfundisha mwingine.