Riwaya isingoje miaka 35

Siku hizi baadhi ya waandishi wa riwaya wamepata njia ya kugharimia kazi zao. Huwaomba wasomaji watangulize bei ya kitabu kwa simu ya mkononi. Fedha zikitimia, muswada hupelekwa kwa mpiga chapa, na kila aliyetanguliza hupata nakala yake. Wako wanaoibeza njia hii na kuiita kutembeza bakuli. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Tunaiunga mkono, na tunaamini kwamba wananchi wa Murangi na wa kata jirani za kando ya ziwa wana sababu ya pekee ya kuiunga mkono pia.

Sababu hiyo iko ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe. Huko aliishi Mzee Aniceti Kitereza, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, wakakataa kutenganishwa na maneno ya ndugu. Kikerewe na Kijita ni lugha za jamaa moja. Mjita akisikiliza kwa makini hupata mengi yaliyomo. Lakini hakupatikana mchapishaji wa kuitoa kwa lugha hiyo, maana wasomaji walihesabiwa kuwa wachache mno. Ikambidi mzee huyo, katika uzee wake, aifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Miaka 35 kutoka kalamu hadi kitabu! Leo riwaya hiyo inasomwa pia kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika iliyotoka mwaka 2002. Dunia imekiri thamani yake. Basi tujiulize: ilikosa nini miaka yote ile? Haikukosa ufundi wala ukweli. Ilikosa wanunuzi wanaojulikana kabla ya mtambo kuwashwa.

Ni vema wananchi waelewe hesabu ya mchapishaji. Gharama ya kuhariri, kupanga kurasa na kutayarisha mtambo ni ile ile, zikichapwa nakala 100 au 1,000. Kwa hiyo nakala zikiwa chache, kila moja huwa ghali. Ikiwa ghali, mwananchi haimudu. Asipoimudu, mchapishaji husema hakuna soko. Mwandishi hunaswa katika mzunguko huo. Anayetanguliza bei huukata. Tuchukue mfano: watu 300 wakitanguliza shilingi 10,000 kila mmoja, zimepatikana shilingi milioni 3 kabla karatasi haijanunuliwa, na mchapishaji anajua kwamba nakala 300 zina wenyewe.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa nchini mwetu. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto ulitumia hekima hiyo: uliahidi kununua sehemu kubwa ya nakala za kitabu na kuzigawa mashuleni, na mchapishaji akapata moyo wa kuchapa na kuuza zilizobaki. Kilichofanywa na mradi kwa ajili ya watoto, wasomaji wenyewe wanaweza kukifanya kwa ajili ya riwaya ya watu wazima.

Wala kuchangia si jambo geni kwetu. Wananchi wa Musoma Vijijini wamesomba mawe, mchanga na maji kwa mikono yao ili watoto wapate madarasa. Hakuna aliyesema kwamba huko ni kuomba. Watu wanaojenga chumba cha kusomea, je, watashindwa kununua cha kusoma? Kujitegemea tulikokubaliana tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakukomei kwenye jembe na nyavu. Kunahusu pia fikra. Taifa linalongoja wengine wagharimie hadithi zake litasimuliwa hadithi za wengine.

Hata hivyo, haki huenda pamoja na wajibu. Mwandishi anayepokea fedha za watu hana budi kutaja waziwazi kiasi anachohitaji, mpiga chapa atakayemtumia na mwezi wa kukamilisha. Atoe stakabadhi, na fedha zishikwe na zaidi ya mtu mmoja. Lengo lisipofikiwa, kila mtu arudishiwe chake bila kuzungushwa. Ampatie mhariri hodari muswada wake, maana msomaji aliyetanguliza bei akaletewa kitabu chenye makosa kila ukurasa hatatanguliza tena, na adhabu yake itawaangukia waandishi wote watakaofuata.

Lakini tunapenda kusisitiza kwamba kununua ni nusu ya safari. Kitabu kilicholipiwa kisha kikawekwa kabatini ni sawa na darasa lisilo na wanafunzi. Mkoa wetu una heshima ya kutunza katika suala la kusoma. Ni hapa Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Ni katika mikoa hii ya ziwa, Mara ikiwemo, ulikoendeshwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima kati ya mwaka 1968 na 1972. Wazee wetu walijifunza kusoma chini ya miembe baada ya kazi za shamba. Itakuwa aibu ikiwa sisi, wajukuu wa jasho lile, tutasoma kwa ajili ya mtihani tu na kufunga vitabu siku matokeo yanapobandikwa.

Wasomaji hujengwa. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule tunakumbuka jinsi juzuu moja ilivyotosha watoto wengi: mmoja alisoma kwa sauti, wengine walifuatisha, na aliyetangulia alimsahihisha aliyekuwa nyuma. Utaratibu huo unafaa hata kwa riwaya. Watu kumi wachangie nakala mbili, wakutane mara moja kwa wiki, wasome kwa zamu na kujadiliana. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Siku za mbalamwezi hupumzika. Upo wakati gani mzuri zaidi wa kusomeana sura mbili tatu?

Walimu waanzishe vikundi hivyo. Matawi ya Chama na jumuiya zake, misikiti na makanisa, watoe nafasi ya kukutania. Nao waandishi waje vijijini kusoma sura ya kwanza mbele ya watu kabla ya kuomba senti moja. Anayenunua ana haki ya kuonja.

Pengine hivi sasa yuko mtu Murangi ambaye muswada wake umekaa miaka mingi ndani ya sanduku la nguo. Tusimngoje azeeke. Tumwambie autoe, ausome mbele yetu, na ukitufaa tutangulize bei. Kitabu chake kimfikie mkononi angali hai.