Kituku: fundi wa ngozi aanze na ala ya kisu, bastola ingoje

Kituku huingia kwenye habari kwa mambo mazito. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa, na pesa ya mkononi ikawa ngumu kupatikana. Katikati ya matukio hayo kuna jambo ambalo hakuna anayelipigia simu redioni: kazi za mikono za vijana wa pale, na hasa kazi ya ngozi.

Atembee mtu asubuhi kwenye soko la Kituku, Kyeshero, boti zinaposhusha mizigo. Kuna visu kila mahali. Mama anapasua samaki, kijana anamenya muwa, mwingine anakata nanasi lililotoka Idjwi, mchinjaji anagawa nyama. Kazi ikiisha kisu kinafungwa ndani ya kitambaa, au ndani ya sashe, au kinachomekwa tu kwenye kikapu, ncha ikiangalia juu. Kikapu hicho hicho kinapanda boti, kinakaa kati ya miguu ya watu na watoto wa mgongoni. Panga nazo husafiri hivyo hivyo, zimefungwa kwa kipande cha mfuko wa unga.

Ala moja ya ngozi ingemaliza hatari hiyo. Si kitu kigumu kutengeneza. Kijana ambaye hajawahi kushika sindano ya viatu anaweza kupata ala yake ya kwanza yenye kufaa ndani ya siku tatu, na moja kati ya hizo ni siku ya kungoja ikauke.

Lakini wengi wanaopenda kujifunza kazi hii hawaanzi hapo. Kwenye simu zao wanaona video za Wamarekani wanaotengeneza ala za bastola: ngozi nene inalowekwa, inakandamizwa juu ya silaha mpaka inachukua umbo lake, inakauka, inakuwa ngumu kama ubao. Ni kazi nzuri kutazama. Na katika mji ambamo watu wenye silaha hawajawahi kukosekana, kijana anapiga hesabu haraka: wateja wapo.

Hesabu hiyo ina kasoro. Kukandamiza ngozi kunataka kitu chenyewe kiwe mezani. Marekani fundi ananunua bastola ya plastiki, mfano tu, isiyoweza kupiga. Kituku hakuna duka la mifano hiyo. Fundi atalazimika kuomba bastola ya kweli, ikae kwake usiku mzima ndani ya ngozi yenye maji. Nchini Congo sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu raia kushika silaha bila ruhusa, na askari wa upande wowote akiingia kwenye kibanda hatauliza kama bastola ile ni ya mteja. Zaidi ya hapo, mteja mwenye bastola ni mteja mgumu kumdai pesa.

Kuna hatari nyingine ambayo anayeanza haijui. Ala ya kisu ikilegea, mwenye kisu atakatika kidole. Ala ya bastola ikilegea mdomoni, ngozi inaweza kujikunja ikaingia mahali pa kufyatulia, na risasi ikatoka mtu anaporudisha silaha kiunoni. Ajali za namna hiyo zimetokea hata kwa watu waliozoea. Haifai mtu ajifunzie kazi juu ya paja la mwenzake.

Kwa hiyo kisu. Na baada ya kisu, ala ya tochi, ya koleo, ya mita ya seremala, ya simu ya motari ambaye anahitaji kuichomoa kiunoni kwa mkono mmoja. Ufundi ni ule ule, na makosa yake yanasameheka.

Kosa la kwanza kabisa liko kwenye kuchagua ngozi. Vipande vinavyobaki kwa mafundi viatu, au ngozi ya mabegi ya zamani, kwa kawaida ni ngozi iliyotengenezwa kwa kromu. Ni laini, haiogopi maji, na kwa sababu hiyo haikubali umbo: inakandamizwa leo, kesho imerudi kama ilivyokuwa. Inayotakiwa ni ile iliyoivishwa kwa magome ya miti, yenye unene wa milimita tatu hivi. Kuzitofautisha si lazima mtu awe mwanakemia. Tone la maji likidondoka juu ya ngozi ya magome, linanywewa na mahali pale panakuwa peusi kidogo. Kwenye ngozi ya kromu mara nyingi linakaa juu au linateleza. Ukingo uliokatwa nao husema: ndani ya ngozi ya kromu mara nyingi huonekana rangi ya kijivu au ya buluu. Mikanda minene ya zamani, ile migumu ya kweli, mara nyingi ni ya magome, na mkanda mpana unatosha ala ya kisu kidogo.

Kipimo huchorwa kwanza kwenye katoni. Kisu kinalazwa, katoni inakunjwa upande wa mgongo wa kisu, na upande wa makali inaachwa nafasi ya karibu sentimita moja na nusu. Wanaoanza hukata wakibana sana, kwa sababu ngozi ni ghali, na kisu kinakataa kuingia. Katoni ni bure, ikosewe hata mara tano. Kati ya pande mbili za ngozi, pale makali yanapopita, kinawekwa ukanda mwembamba wa ngozi nyingine. Wengi wanauruka ukanda huo wakiona ni pambo. Bila huo makali hugusa uzi moja kwa moja, na baada ya mwezi ala inafunguka kama ganda la haragi.

Uzi haukosekani Kituku. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ukipakwa nta ya nyuki, ni uzi mzuri kuliko mwingi unaouzwa kwa jina la uzi wa viatu. Unakatwa mara nne ya urefu wa mshono, unavikwa sindano mbili, moja kila mwisho, na sindano zote mbili zinapita katika kila tundu zikitoka pande tofauti. Mshono huo ni wa polepole. Ila uzi mmoja ukikatika, wa pili unabaki umeshika, na hapo ndipo kazi ya mkono inapoishinda mashine. Matundu yatobolewe juu ya ubao. Mtu akitobolea juu ya jiwe la volkeno, ambalo ndilo lililo karibu kila mahali Goma, atavunja sindano na kukwaruza uso wa ngozi.

Halafu maji. Hapa Kituku ina tabia yake. Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi na magadi, na ngozi ya magome haipendi magadi: inaingia weusi wenye mabaka. Bidon ya maji ya ziwa ifanye kazi nyingine. Kwa ngozi yafaa maji ya mvua, ambayo nyumba nyingi hukinga kutoka kwenye manjanja. Ala iliyokwisha kushonwa inazamishwa mpaka mapovu yapungue, kama dakika moja, inatolewa na kuachwa kidogo hadi rangi yake ianze kurudi. Ikiwa bado inachuruzika maji haitashika umbo. Kisu kinazungushiwa sashe mara mbili, kwa sababu chuma na ngozi mbichi ni kutu, kisha kinaingizwa na ngozi inakandamizwa kwa vidole, na kwa mpini wa kijiko cha mti pale ambapo kidole hakifiki. Mahali pa muhimu ni shingo, kati ya makali na mpini. Ngozi ikishika shingo, kisu hakidondoki hata ala ikigeuzwa kichwa chini.

Kisha kungoja, na hapa vijana wengi wanashindwa. Haraka inawapeleka kwenye jiko la makala, ngozi inasinyaa, inapasuka, na fundi analaumu ngozi. Inataka kivuli na upepo, siku moja mpaka mbili wakati wa mvua. Ikikauka, inapakwa nta na mafuta kidogo sana. Mafuta mengi yanairudisha kuwa laini na umbo lote linapotea. Wala kisu kisilale ndani ya ala yenye unyevu. Mama aliyenunua ala lazima aambiwe hilo, la sivyo wiki ijayo atarudi na kisu chenye kutu na maneno makali kuliko kisu.

Yote haya yanawezekana kwa mtaji mdogo. Kinachokwamisha ni ngozi yenyewe, na hapo lawama haimwangukii kijana. Kivu Kaskazini ina ng'ombe. Maziwa ya Masisi yamekuwa fromaje ambayo jina lake linajulikana hadi Kinshasa. Ngozi ya ng'ombe huyo huyo haijapata jina lolote. Goma haina kiwanda kikubwa cha kutengeneza ngozi, ingawa dawa ya kuiivisha inatupwa kila siku: akasia ile ambayo Wakenya wanaiita muwati, na ambayo hapa inapandwa kwa ajili ya makala, ina tanini nyingi kwenye magome yake. Eldoret, Kenya, palikuwa na kiwanda kizima kilichoishi kwa kukamua tanini kutoka kwenye magome hayo. Kwetu mti unachomwa, gome linabaki msituni, na fundi wa Kituku anatafuta mkanda wa mtumba ili apate kipande cha ngozi.

Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Wanaozungumzia jumuiya hiyo kwenye semina hupenda barabara na forodha. Wangeuliza pia jambo dogo: vyama vya wafugaji, wachoma makala na mafundi wakikaa meza moja, je, pipa nne za magome na maji haziwezi kuanza kazi? Kuivisha ngozi kwa magome kunachukua wiki nyingi na kunatoa harufu, kwa hiyo isiwekwe karibu na ziwa ambalo watu wanalinywa. Lakini hakuhitaji umeme, wala benki kufunguliwa, wala ndege kutua.

Wapo watakaosema kwamba ala ya kisu ni kitu kidogo mno kwa mji wenye shida za ukubwa huu. Wana haki ya kusema hivyo. Ila mama wa nanasi hajaja sokoni na shida za mji mzima. Amekuja na kisu, na jioni atakirudisha Idjwi ndani ya boti iliyojaa, mtoto mgongoni, kikapu kati ya miguu. Fundi mmoja akikaa pale bandarini na ala kumi zenye vipimo tofauti, na mama akaruhusiwa kujaribu kisu chake mwenyewe kabla ya kulipa, bei watapatana.