Manowari Nazo Ziulizwe
Kichwa cha nyuklia bila chombo cha kukifikisha hakimfikii mtu, ndiyo maana kuhesabu mabomu peke yake hakutoshi. Urusi ina vichwa zaidi ya 5,000, vikihesabiwa na vile vinavyongoja kubomolewa. Uingereza ina 225 hivi, lakini vyake hurushwa kutoka kwenye nyambizi tu, na nyambizi hujificha popote penye kina. India nayo ina zake, katika bahari hii hii yetu. Hapa Kipevu, Mombasa, meli ya mafuta inayokuja kwenye gati lililozinduliwa 2022 hutangaza shehena yake kwa karatasi kabla ya kushusha. Je, manowari? Wamarekani waliruhusiwa kutumia bandari ya Mombasa kwa makubaliano ya 1980, na desturi yao ya miaka mingi ni kutothibitisha wala kutokanusha kama chombo fulani kimebeba silaha za nyuklia. Inaniuma. Mkataba wa Pelindaba, unaotumika tangu 2009, umezipiga marufuku silaha hizo Afrika, ila ibara ya 4 imeiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu meli za kigeni zinazozuru. New Zealand iliamua kwa sheria mwaka 1987. Bunge letu nalo liamue, tena kwa maandishi, kabla manowari nyingine haijaingia bandarini Kilindini.