Eti Poseidon kwa sababu alitoka baharini!

Haya jamani, mwenzenu leo nimerudishiwa jaribio la historia ya sanaa, na hata chakula hakipiti. Nimekatwa alama 5 kwa sanamu moja tu. Ile ya shaba ya Artemision, mnaijua? Jamaa mwenye ndevu, yuko uchi, mkono wa kushoto kaunyoosha mbele, wa kulia kaurudisha nyuma kama anataka kurusha kitu. Mimi nikaandika Zeus, na sababu zangu nikatoa. Mkufunzi kapiga mkasi mwekundu: Poseidon, alipatikana baharini.

Hivi kweli hiyo ni hoja? Sanamu ile ilikuwa mzigo kwenye meli iliyozama karibu na rasi ya Artemision, kaskazini ya kisiwa cha Evia, Ugiriki. Mkono ulipatikana 1926, mwili 1928. Imetengenezwa kama mwaka 460 KK, na meli ilizama karne kadhaa baadaye. Tena humo humo alitolewa farasi wa shaba na kijana anayempanda. Kwa hesabu za mkufunzi, yule farasi naye ni samaki?

Ubishi wenyewe uko kwenye mkono wa kulia. Silaha imepotea, vidole tu vimebaki vimekunjwa. Kama ilikuwa radi, ni Zeus. Kama ulikuwa mkuki wa meno matatu, ni Poseidon, ndugu yake. Sasa chukua fimbo ya ufagio usimame vile mbele ya kioo (mimi nimefanya, wenzangu wa chumbani wamecheka mpaka basi). Fimbo inakupita usoni! Fundi aliyehangaika na ule uso, nywele na ndevu vile, aukate na mti? Halafu vipo vijisanamu vya shaba vya Zeus anayerusha radi, mkao ni huo huo.

Sisemi wa upande wa pili hawana kitu. Wana sarafu za Poseidonia, kusini mwa Italia, ambazo Poseidon kainua mkuki wake hivyo hivyo. Hiyo ni hoja, ningeandikiwa hiyo ningenyamaza. Lakini makumbusho ya taifa kule Athens, wenye sanamu yao, wenyewe wanaandika Zeus au Poseidon. Wao wameacha mlango wazi, sisi huku tunapewa sifuri kwa sababu ya kitini!

Wenzangu wananiambia nyamaza, utapigwa sapu. Na mimi ndiye nitakayeenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao. Mtoto wa kidato cha pili akinijibu kwa sababu tatu, nimkate kwa kuwa daftari langu linasema vingine?

Jumatatu saa 4 naenda ofisini kwake na karatasi yangu. Nitamwamkia vizuri, shikamoo mwalimu, halafu namwuliza habari za yule farasi.