Nyumba na Watoto: Batri ya mchezo wa video, tuchague ipi?



Likizo kubwa inakaribia, na ulizo moja limerudi mara tatu katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Bukavu. Mama mmoja wa Kadutu ana dada yake Ubelgiji. Dada huyo anatayarisha mzigo, na kati ya vitu ambavyo watoto wake waliisha kuacha kuna batri ya kuchezea mchezo wa video. Anauliza: niitume ao niiache? Mama wa pili amekaribia zamu yake ya likelemba, na binti yake wa miaka 12 hamwachi usingizi juu ya batri kama hiyo, aliyoiona kwa jirani. Mama wa tatu aliisha kununua moja ya okazyo, akalipa dola zake, na mpaka leo imekaa juu ya kabati haifanyi kitu.

Batri tunayosema hapa si ile ya motokari. Ni ngoma za muziki zilizofungwa pamoja, kama zile za kwaya kanisani, ila hizi ni za plastiki na mpira, na zenyewe hazina sauti. Batri inaungwa na mashine ya mchezo, na mashine inaungwa na televizyo. Kwenye televizyo alama za rangi zinateremka kama magari barabarani. Alama nyekundu ikifika kwenye mstari, mtoto anapiga ngoma nyekundu. Ikifika ya njano, anapiga ya njano. Akipatia, wimbo unaendelea. Akikosa, sauti ya ngoma inapotea ndani ya wimbo, na akikosa sana mchezo unamkatia.

Michezo miwili ndiyo iliyoeneza batri hizi majumbani: Rock Band, iliyotoka Marekani mwaka wa 2007, na Guitar Hero World Tour ya mwaka wa 2008. Sanduku la kwanza la Rock Band, pamoja na gitaa, maikro na batri, liliuzwa kule karibu dola 170. Leo watoto wa wakati ule ni watu wazima, wana nyumba zao, na vitu hivi vimebaki katika vyumba vya chini vya wazazi wao. Ndiyo sababu vinafika mpaka kwetu. Kuipata batri si shida sana. Shida ni kuipata ikiwa kamili.

Kwa hiyo kabla ya kutazama batri, tutazame mashine. Kuna mashine gani nyumbani? PlayStation 2, PlayStation 3, Xbox 360, Wii? Kwa kawaida batri iliyotengenezwa kwa Xbox 360 haichezi juu ya PlayStation 3, hata kama zinafanana kama mapacha. Na kama nyumbani hakuna mashine yoyote, batri peke yake ni meza ya plastiki yenye rangi nzuri. Inahitaji mashine yake, diski ya mchezo wake, na televizyo. Tunamshauri mama wa Kadutu amjibu dada yake hivi: tuma vyote vilivyochezwa pamoja katika nyumba moja, ao usitume kitu. Kupunguza mzigo kwa kuacha mashine nyuma ni kutupa pesa ya usafirishaji.

Sasa tuje kwa mama wa tatu, sababu shida yake ni ya wengi. Batri yake ni ya PlayStation 3, haina waya. Batri za namna hiyo zinaongea na mashine kupitia kitu kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kinafanana na flashi ya kuwekea picha. Tukiite kifunguo. Kila batri ina kifunguo chake, na cha gitaa ya kampuni nyingine hakiifungulii. Kifunguo kikipotea, batri nzima haisikiki tena. Muuzaji hakumwambia, pengine hata yeye hakujua, kwani vitu vinashuka katika balo vikiwa vimetenganishwa, kifunguo kimeenda na balo ya vitu vya ofisi. Batri za Xbox 360 zisizo na waya hazihitaji kifunguo, zinaongea na mashine moja kwa moja. Ile ya Guitar Hero ya Wii inameza rimoti ya Wii yenyewe, inaingizwa ndani yake na kuungwa humo. Na zile za Rock Band ya kwanza zina waya wa USB, zinachomekwa tu. Kwa nyumba yenye watoto wengi, sisi tunapenda yenye waya. Waya unakanyagwa, ni kweli, lakini haupotei chini ya kitanda, wala hauombi mawe ya redio kila mwezi.

Basi ukienda kununua ya okazyo, usilipe kabla hujaiona ikicheza. Muuzaji akisema hana umeme wa kujaribu, mwambie mtarudi siku yenye umeme. Piga kila ngoma kwa fimbo, si mara moja tu, piga mara kumi, uone kama kila pigo linaandikwa. Kisha inama utazame kanyagio la mguu, lile wanaloita pedali. Geuza chini. Plastiki ya pedali ndiyo inayopasuka kwanza, sababu mtoto anaikanyaga kwa kisigino na uzito wake wote. Ufa mdogo leo ni vipande viwili kesho. Fundi wa bati anaweza kuifunga kipande cha chuma chini, na watu wengi Marekani walifanya hivyo hivyo, lakini basi bei ishuke.

Kuna na neno la umeme. Mashine zinazotoka Ubelgiji ao Ufaransa zinakubali umeme wetu wa volti 220. Zinazotoka Marekani na Kanada si zote, kule umeme wao ni wa volti 120. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye kisanduku cha umeme cha mashine. Ukiona 100-240V, chomeka bila woga. Ukiona 120V ao 110-127V peke yake, usichomeke hata kwa kujaribu, itaungua palepale, inahitaji transfoma. Wenye ndugu Marekani wawaombe wapige picha ya maandishi hayo na kuituma kwa telefone kabla ya kufunga mzigo. Vilevile Wii ya Marekani inataka diski za Marekani, ya Ulaya inataka za Ulaya. PlayStation 3 haina ubaguzi huo kwa diski za michezo.

Na televizyo? Hapa kuna habari njema kwa wenye televizyo za zamani, zile nene zenye mgongo mkubwa. Katika televizyo nyembamba za leo picha inachelewa kidogo, sehemu ndogo ya sekunde, lakini kwa mpiga ngoma ni nyingi: anapiga kwa wakati, mchezo unamwambia amechelewa, anakasirika, anapiga kwa nguvu zaidi na fimbo inavunjika. Michezo hii ina mahali pa kurekebisha uchelewo huo, mnaingia katika matengenezo ya mchezo mnafuata maelezo. Televizyo nene karibu haichelewi kabisa. Kwa hiyo usiione haya.

Kwa watoto wadogo wa miaka mitano ao sita, tungeacha batri kubwa. Mikono yao haifiki, na fimbo mbili mikononi mwa mtoto wa miaka mitano, na ndugu yake yuko karibu, kila mama anajua mwisho wake. Kuna mchezo wa Nintendo uitwao Donkey Konga, ulitoka Japani mwaka wa 2003, unachezwa kwa ngoma mbili ndogo zilizoungana, kwa viganja tu. Kati ya ngoma kuna maikro inayosikia makofi, na mchezo mara nyingine unaomba kupiga makofi badala ya ngoma. Ulitengenezwa kwa mashine ya GameCube, lakini Wii za kwanza, zile zenye matundu manne juu chini ya kifuniko, zinaupokea pia. Kuna na ule wa Kijapani wa Taiko no Tatsujin, ngoma moja tu: katikati sauti moja, ukingoni sauti nyingine. Mtoto wa kwetu haufundishwi mara mbili, sababu hata ngoma ya ngozi ya ng'ombe inaongea hivyo.

Turudi kwa binti wa miaka 12, kwa sababu ulizo lake si la mchezo. Tumemuuliza sisi wenyewe. Anataka kupiga batri ya kwaya. Kila Jumapili anakaa nyuma ya kijana anayepiga, anahesabu kwa vidole juu ya goti. Amejibiwa kwamba wasichana wanaimba na kucheza, kupiga ni kwa wavulana. Mama yake anaogopa kutumia zamu yake ya likelemba kwa kitu cha plastiki, tena kwa ndoto ambayo kwaya imeisha kuifungia mlango.

Tuseme kwanza kile batri ya mchezo inachofundisha. Katika vyombo vyote vya michezo hii, batri ndiyo iliyo karibu zaidi na chombo cha kweli. Gitaa ya mchezo ni vifungo tu. Ukiijua yote hujui gitaa hata kidogo. Lakini kwenye batri, mkono wa kuume unafanya kazi yake, wa kushoto yake, na mguu yake, na viungo hivyo vitatu kutembea kila kimoja njia yake bila kugongana ndiyo kazi ngumu ya mpiga batri. Mtoto anayemaliza nyimbo katika daraja la juu la Rock Band ameisha kufanya sehemu kubwa ya mapigo ya mpigaji wa kweli. Kile hafundishwi ni kusikiliza wengine. Mchezo haumfuati mwimbaji anayepunguza mwendo, haumwombi mtoto apige polepole wakati mama wa kwaya anaomba. Na nyimbo zake nyingi ni za roki ya Marekani na Uingereza. Rumba usitazamie humo.

Kwa binti kama huyu tunachagua kwa njia nyingine. Bila pedali, hapana. Ya Guitar Hero World Tour ina ngoma tatu chini na matoazi mawili juu, pamoja na pedali, na inatambua pigo la nguvu na pigo dogo. Ya Rock Band ina ngoma nne kwenye mstari mmoja na pedali. Ya kwanza inamzoeza mkono kupanda kwenye matoazi, kama kwenye batri ya kweli. Tungeipendelea kama zote mbili ni nzima.

Lakini kama pesa ni ya likelemba, na nyumbani hakuna mashine ya mchezo, sisi tusingenunua batri ya mchezo. Kuna batri za mpira zinazokunjwa kama mkeka, zina pedali mbili ndogo na waya wa USB. Nyingi zina sauti zao ndani, mtoto anavaa visikizio na jirani analala. Zinakula umeme mdogo, hata ule wa kisanduku cha kuchajia telefone, na kwa nyumba ambamo umeme unakuja usiku wa manane hilo si jambo dogo. Zile zinazotuma alama za MIDI zinaweza kuungwa na ordinatere, na kwenye ordinatere kuna mchezo wa bure uitwao Clone Hero unaokubali batri za namna hiyo. Basi binti anapata chombo leo na mchezo kesho, ordinatere ikipatikana. Mpira wake haurushi fimbo juu kama ngoma ya kweli, tunakubali. Kipande cha tairi kilichogongomelewa juu ya ubao kinarusha vizuri zaidi, na hakina bei. Aanze nacho hata juma hili.

Na juu ya mlango uliofungwa, tuseme wazi. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, ngoma ya kifalme iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2014, na amri ya rais ya mwaka wa 2017 ikakataza wanawake kuipiga. Upande mwingine, Huye nchini Rwanda, kikundi cha wanawake cha Ingoma Nshya, kilichoanzishwa na Odile Gakire Katese, kinapiga zile ngoma ambazo zamani ziliachiwa wanaume, na kimezunguka nchi nyingi nazo. Wanawake haohao walifungua duka la krimu ya barafu mwaka wa 2010. Mpaka wa Rwanda unaonekana kutoka dirishani mwa darasa letu. Kiongozi wa kwaya akisema haijaonekana, mama aweze kumwonyesha ni wapi inaonekana. Sisi tumeomba wamama watatu wa kikundi wafuatane naye kwenda kumwona kiongozi huyo kabla ya mwisho wa mwezi, na tutawaambia amejibu nini.

Mama wa tatu anatafuta kifunguo cha PlayStation 3, cha batri ya Rock Band. Aliye nacho nyumbani bila kujua kazi yake akilete mkutanoni Jumamosi. Juma lijalo tutajibu mama wa Panzi aliyeuliza juu ya watoto wanaokojoa kitandani baada ya kuingia masomo.